Madam Aliandika Kwamba Kambo Amerudi Masomoni

Kambo,

Sijui nikusalimie namna gani, mimi mujukuu wako. Mwalimu wetu wa français kule Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa, alitufundisha kwamba barua inaanza na mahali, halafu inauliza afya ya yule anayeandikiwa. Mahali ninajua: Nchelenge, upande wa Zambia, nyuma ya nyumba, kwenye beseni yako ya bluu iliyopasuka. Nimeigeuza na kuikalia kama ulivyokuwa unaikalia. Afya yako ndiyo inanishinda kuuliza.

Mwalimu wa hapa, wa English, yeye anasema barua ianze na sababu. Bon. Sababu ni kwamba kuna kitu nilikisema kando ya ziwa, mbele ya wamama wote, na tangu siku ile Mama Mudogo Bea ananiangalia kama mutu aliyemwaga mboga ya wageni. Sijui kama nilikosea. Nimejaribu kujua, nimeshindwa, ndiyo maana nakuandikia.

Nakuandikia kwa luga yetu sababu zile zingine ulikuwa unazicheka. Français, ulisema, ni luga ya kuombea papiers, karatasi za ruhusa, na English ni luga ya kuulizwa papiers ziko wapi. Kwa hiyo nimeziacha masomoni, hapa nyuma ya nyumba tuko paka sisi wawili tu.

Niko na ushanga wako mweupe mukononi. Si wako hasa. Sijui ni wa nani. Familia walipokuja na bwato kutoka Kilwa, mvua ikiwa imepungua, walikaa pale sebuleni wakaongea sana, halafu wakaniita. Mimi nilifikiri wananituma maji. Kumbe maji yalikuwa ya kuninywesha mimi. Wakanifunga ushanga, Tate mukubwa, muzee wa familia kule Kilwa, akaweka mukono juu ya kichwa changu, akasema, "Chola hajapotea. Chola huyu hapa." Basi. Nikapyana, nikarithi jina lako. Mimi, Odeti, ninayeogopa kumuomba mwalimu ruhusa ya kutoka inje, ninayekaa na mukojo mpaka kengele ilie, nikawa wewe.

Kambo, wewe ulipyana jina la nani? Hukuniambia. Ulitembea nalo kama nguo uliyozaliwa nayo. Mimi linanizidi. Mama Mudogo Bea, mutoto wako wa kuzaa, mutu aliyenichapa fimbo juu ya kuunguza bukari, ugali wetu, ananiita "Mama." Watoto wake wananiita Kambo. "Kambo, tupe sukari." Niko darasa la kumi na moja, Kambo! Na Mama Feza, rafiki yako, kila asubuhi nikipita na begi langu, anapiga kelele toka kwenye samaki zake: "Chola! Unanipita kama hatukukula sahani moja?" Na mimi nageuka nyuma. Kila mara nageuka, nakutafuta. Anacheka mpaka anashika magoti: "Unaangalia nani? Ni weye!"

Nikukirie jambo. Siku ya ushanga nilifurahi. Kidogo. Niliona kama watu wakubwa wamepata njia ya kukuzuia usiende. Halafu kesho yake nikaamuka, nikasikia harufu ya moshi wako kwenye kitenge ulichoacha, na kichwa kikavurugika. Kama wewe uko, na mimi ndiye wewe, sasa ninamulilia nani?

Ngoja niende taratibu, sababu habari yenyewe ni ya ile kampuni inayonunua samaki zetu.

Unamukumbuka Madam Inonge. Ile kiangazi alikuja na gari ya kampuni, tukafikiri amekuja kupunguza bei ya chisense, zile dagaa zetu, na Mama Feza akafunika samaki zake na majani, akasema leo hakuna kitu. Kumbe hakuja kununua. Alitoka Lusaka, hajui Kibemba, Kiswahili ndiyo kabisa, akauliza nani anaweza kutafsiri, na wewe ukanisukuma mugongoni. Niliomba udongo unifungukie.

Alisema kampuni yao inataka kuandika ripoti ya namna mupya. Zamani, alisema, walikuwa wanaandika kitabu kimoja cha mali tu, faida na hasara. Na pembeni, wakikumbuka, kitabu kingine cha mapicha, wanapanda muti, wanapeana madaftari. Sasa wale wanaowakopesha, na wale wanaonunua sehemu za kampuni, wanauliza: mbona vitabu viwili havisalimiani? Nchi za mbali wameanza, na kampuni za nchi kama zetu zinaanza pia, moja moja, zingine kwa kupenda, zingine kwa kusukumwa. Kitabu kimoja. Mali, watu, akili, vyombo, ujirani, ziwa. Alituchorea kwenye muchanga na kijiti: mushale unatoka ziwani, unapita kwenye bwato, unapita kwenu wamama wa kukausha, unaingia kampuni, unatoka mali, na mushale mwingine unarudi ziwani. Au usirudi, alisema, hapo ndipo lazima kampuni iseme kweli.

Mimi nilikuwa natafsiri kwa sauti ya kunong'ona, na wewe ukanipigia kelele mbele ya mugeni: "Sema kwa nguvu, Odeti! Sauti yako iko mu kaburi?" Wakati uleule akapiga foto. Umeshika chisense kwenye ngumi, kitenge cha kijani, kinywa wazi. Kwenye foto unaonekana kama unamuchekea mutu unayemupenda. Kumbe unanigombeza.

Halafu ukamwambia lile neno la kilio. Ulisema: "Donc kampuni inataka kufanya kilio yake mbele haijakufa." Ulimueleza kwamba kwetu, kilio ikiisha, mutu anasimama anasimulia yote, namna ugonjwa ulianza, nani alimuuguza, nani aligombana naye, ameacha watoto wangapi na nyumba gani. Yote pamoja, hakuna kitabu cha pembeni. Madam alicheka sana. Halafu ukaongeza: "Lakini kwetu anayesimulia si yule marehemu." Hiyo nayo niliitafsiri, kwa nguvu hivi. Hakucheka. Aliangalia kijiti chake.

Ulimupenda. Ulimupa samaki za bure, za kupeleka kwao. Akakuahidi kwamba akiandika, atarudi kutusomea kabla ya kitabu kuchapwa, ili aliyeandikwa ajue ameandikwa namna gani. Na wamama walimuomba meza za waya, zile ndefu, tuache kukausha samaki chini ambapo kuku zinapita. Alisema hawezi kuahidi meza. Nilitafsiri "hawezi kuahidi," lakini wamama walisikia "meza," unawajua.

Halafu mvua ikaja, na tension yako, damu ikapanda, na hospitali. Ya huko sitaandika.

Karani wa kampuni kule Mansa alipiga simu. Simu yako anaitembeza Mama Mudogo Bea. Ushanga ulikuwa tayari mukononi mwangu. Karani akauliza kwa Kibemba, Ba Chola bali bwino? Mama Mudogo akajibu vile mutu wa adabu anajibu: Bali bwino, baya ku sukulu. Wako wazima, wameenda masomo.

Ni kweli! Nilikuwa masomoni. Tulikuwa tunafanya fractions za herufi. Karani hakuuliza zaidi, aliandika, akatuma Lusaka.

Kambo, cheka sasa, sababu mimi sikujua kama nicheke. Madam alitutumia kurasa kwenye WhatsApp ya Mama Mudogo, aliandika, "Odeti, soma kwanza, uniambie kama kuna kosa, nitakuja wiki ijayo." Nikafungua. Foto yako, ukurasa muzima. Juu yake wameandika sehemu ya watu na akili. Na chini: Mama Chola, kiongozi wa wanawake wanaokausha samaki, mwaka huu amerudi masomoni. Kwa kujifunza hakuna aliyechelewa.

Nilisoma ile ukurasa njiani kwenda shule, simu yake nimeiazima, karibu nigongwe na baiskeli. Nilisoma wakati wa pause. Ninakiri, sikuona kosa. Yaani niliona, lakini nilikataa kuliona. Nilikuona kwenye darasa letu, na uniform, viatu vyeupe vya kanisa sababu hauna vingine, umekaa mbele sababu haupendi kupitwa. Unatafuna karanga. Mwalimu wa history anasema kitu na wewe unasema, "We kijana, nani alikudanganya?" Ilikuwa muzuri mno. Kwenye kitabu cha kampuni ulikuwa haujakufa hata kidogo, ulikuwa umechelewa tu kurudi nyumbani.

Nikamuonyesha Mama Mudogo. Nilimusomea. Alicheka, akafuta macho na kanga, akacheka tena, akasema, "Mama yangu mu masomo! Yesu!" Halafu akazima simu. Akasema, "Uache vile."

Nikamwambia Madam anauliza kama kuna kosa.

"Kosa iko wapi? Mi sikudanganya mutu. Aliniuliza Chola, nikamujibu Chola. Chola haendi masomo? Asubuhi hii ulienda wapi?"

Nikamwambia, lakini foto ni ya Kambo.

"Na weye njo nani, si Chola?" Alishika mukono wangu, akazungusha ushanga. "Ukienda kumwambia ule mama ya Lusaka Chola amekufa, hii ni ya nini? Tuliita watu toka Kilwa kuja kucheza?" Halafu, kwa sauti ya chini, kwa sababu Mama Mudogo hata akiomboleza hasahau biashara: "Na page ile njo itatuletea meza. Kiongozi akikufa, meza bataipeleka kwa bale bamama ba Mununga."

Unanijua. Nilienda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeoshwa.

Siku Madam alikuja, wamama walikaa kando ya ziwa pale pa siku zote, kati ya samaki na mabwato, ziwa likiwa limefunguliwa tena kwa uvuvi na chisense imejaa. Gari ilisimama. Madam alishuka, akanikumbatia, akasema nimerefuka. Kabla ya kuanza akanivuta pembeni, akanifungulia ukurasa mwingine. Ulikuwa wa ziwa. Waliandika pale kwamba samaki inapunguka, na kwamba kampuni yenyewe, kwa miaka, imenunua samaki iliyovuliwa na nyavu za kitundu kidogo bila kuuliza imetoka wapi. Kambo, kampuni inaandika hivyo juu yake yenyewe! Nilisoma mara mbili nikifikiri English yangu imeharibika. Alisema aligombana na ofisi nzima kwa ukurasa ule. Wengine walisema nani anajitukana kwenye kitabu chake. Akaniambia, na macho yake yalikuwa yamechoka: kitabu kitapita kwa watu wa kukagua. Wakikuta uongo mumoja, hata mudogo, mahali popote, huu ukurasa wa ziwa ndiyo watautoa wa kwanza. Watasema, mwandishi huyu hajui anachoandika. "So everything must be true," alisema. Yote lazima iwe kweli.

Nikaitikia kwa kichwa.

Tukaanza. Alisoma, nikatafsiri. Mali yao, ikapita, wamama wakapiga miayo. Ziwa, wakasikiliza, Mama Feza akasema "Eeh, leo wamekunywa dawa." Halafu akafungua foto yako akaiinua juu, na wamama wote wakafanya "Aaah!" Wengine waliweka mukono kwenye kifua. Akasoma yale maneno. Nikatafsiri, nikiangalia miguu yangu: Mama Chola, mwaka huu, amerudi masomoni.

Kelele iliyotoka pale, Kambo! Walicheka mpaka ndege walitoka kwenye samaki. Mama mumoja alilala kwenye muchanga kabisa. Mama Feza alisimama, kiuno hivi, akaninyooshea kidole: "Chola! Kumbe weye njo mwenye kufeli mathématiques! Na mi nasema rafiki yangu anachelewa wapi!" Wengine: "Madam, muzidishe, muandike anaogopa mwalimu!" Hata Mama Mudogo alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwangu, halikucheka.

Madam alikuwa anatabasamu ile tabasamu ya mugeni. Akaniuliza, wanacheka nini? Halafu, "Where is she?" Mama Chola yuko wapi, amusalimie.

Sikuhitaji hata kutafsiri, wamama walisikia jina lako, wakanisukuma mbele. "Huyu hapa! Iko! Chola iko!" Mikono yote mugongoni mwangu, kama siku ile ulinisukuma wewe. Madam akaniangalia, akaangalia nyuma yangu. Aligeuza macho kama mimi ninavyogeuka asubuhi. Alikuwa anakutafuta.

Sijui kama ni hilo. Nafikiri ni hilo. Kuona mutu mwingine anakutafuta nyuma yangu. Nikasema, "She died."

Kambo, nilikuwa sijawahi kulisema. Kwa luga yoyote. Kwenye kilio walisema wengine, masomoni Mama Mudogo alimuandikia mwalimu. Mimi nilikuwa nasema "kile kilichotokea" na "tangu ile siku." Na lilitoka kwa English, luga ya kuulizwa papiers, maneno mawili tu, na sauti yangu ilikuwa kubwa. Ilifika mpaka kwenye mabwato.

Madam alikaa chini kwenye muchanga na sketi yake ya ofisi. Akauliza lini, nikasema wakati wa mvua. Akasema lakini tulipiga simu, walituambia yuko muzima, anasoma. Nikainua mukono, nikamuonyesha ushanga. Nikajaribu kueleza. English inakosa neno, au mimi ndiye ninalikosa. Nilisema, jina halizikwi, wanalivalisha mutu. Nilisema, anayesoma ni mimi. Nilisema, alikufa, na yuko, na ni mimi, na si mimi. Mwalimu wangu angenikata marks zote.

"Amemwambia nini?" mama mumoja akauliza. Na kazi yangu ilikuwa kutafsiri, si ndiyo? Nilifungua kinywa. Kwa Kiswahili halikutoka. Kwa English nilikuwa namwambia mugeni habari. Kwa Kiswahili pale hakuna mugeni, kila mutu alikuwepo, ningekuwa nawaambia nini? Nikasema, "Nimemwambia habari ya mvua."

Mama Feza akasema, bila mchezo hata kidogo, "Amemwambia Chola alikufa." Mama mumoja akasema tss, usiseme. Mama Feza akasema, "Mi mwenyewe njo nilimuogesha. Munataka nisahau mikono yangu? Alikufa. Na Chola iko, huyu, hata awe mwoga kama kuku ya mugeni. Yote mbili ni kweli. Ule mama aandike yote mbili."

Hiyo niliitafsiri. Madam akauliza, kweli kabisa hakuwa anacheza, "But which one do I write?" Aandike ipi? Wakikagua, wakapiga simu, wakauliza Mama Chola, nani ataitika? Nikasema mimi. Wakiuliza umri? Tuliangaliana. Hapo na yeye alicheka, machozi yakiwa tayari yanashuka, na mimi nikacheka, na ilikuwa aibu na ilikuwa muzuri.

Alitoa kalamu, akakata ile mustari ya masomo. Akaandika pembeni. Akanisomea: kwamba Mama Chola alifariki wakati wa mvua, kwamba kwa desturi ya watu wake jina lake limepita kwa mujukuu wake, anayesoma, na aliyetafsiri ripoti hii kwa wamama. Alisema atajaribu. Wakubwa wake wanaweza kusema hayo si mambo ya kampuni, wakatoa ukurasa muzima, wakaweka picha ya ziwa. Juu ya meza alisema tena hawezi kuahidi. Juu ya ukurasa wa ziwa aliwauliza wamama kama ni kweli na kama ubaki. Waligombana, wengine waliogopa kampuni itaacha kununua. Mwisho walisema ubaki. Lakini Kambo, sijui kama nilisaidia ule ukurasa au niliharibu ule mwingine. Labda yote mbili. Siku hizi kila kitu kwangu ni yote mbili.

Njiani kurudi Mama Mudogo alitembea mbele. Pa mulango akasema bila kugeuka, "Umemuzika mama yangu mara ya pili."

Na kutoka pale akaniita Odeti. "Odeti, leta maji." "Odeti, funga kuku." Ni jina langu! Nililililia jina hili tangu siku ya ushanga, nililitaka lirudi. Likarudi, na likaniumiza kama kiatu cha mwaka jana. Watoto wakaambiwa wasiniite Kambo, wakachanganyikiwa, mudogo akaniita "Odeti wa Kambo." Nilikuwa naogopa kuwa wewe, sasa nikaogopa kutokuwa. Sikuvua ushanga. Alikuwa anauangalia nikiosha sahani, kuona kama bado uko.

Mama Feza alikuja kumuona. Sikusikiliza. Nilisikiliza kidogo. Alisema, "Bea, mama yako alikuwa anadanganya watu?" Mama Mudogo akasema hapana. "Sasa unataka mwenye jina lake aanze na uongo?" Halafu wakaongea habari ya mafuta ya kupikia, kwa muda mrefu.

Leo asubuhi nilikuwa natafuta soksi. Mama Mudogo akaita kutoka jikoni, sauti ya kawaida kabisa, ile ya mutu ambaye moto unamushinda: "Mama! Chumvi iko wapi?"

Nikajibu, "Iko mu kopo ya maziwa, nyuma ya mafuta."

Nikajibu tu. Sikugeuka nyuma. Nilikuwa tayari nimevaa soksi moja ndipo nilipojua kwamba nimeitika. Na kule jikoni kwa Mama Mudogo sikusikia hata kijiko. Halafu akasema, "Aksanti." Nilikaa chini na soksi nyingine mukononi, nikalia kilio ambacho sikulia wakati wa kilio. Nilichelewa masomo. Nilimwambia mwalimu nilikuwa kwenye habari ya familia, na nikasema kwa sauti inayosikika.

Basi nimekuja hapa kwenye beseni sababu kuna kitu kimoja kimebaki, na kwa Kiswahili bado sijakisema. Sikutaka nikisemee mbele ya watu. Nataka nikuambie wewe kwanza, ni kitu chako.

Kambo, umekufa.

Ni hilo. Nimeliandika, mukono haukuanguka. Umekufa wakati wa mvua, Mama Feza alikuogesha, na mimi nilisimama inje nikishika kitenge chako cha kijani sababu niliambiwa nishike kitu. Umekufa, na nakukosa wewe, si jina, jina niko nalo. Nakosa unavyonigombeza.

Kurasa bado hazijarudi kutoka Lusaka. Zikirudi na wewe ndani, nitawasomea wamama. Zikirudi na picha ya ziwa tu, hiyo pia nitawasomea, na palipokuwa na jina lako nitasimama nisimulie mwenyewe: namna ulianza kuugua, nani alikuuguza, uligombana na nani. Yote pamoja. Ulisema anayesimulia si marehemu.

Lala muzuri, Kambo wangu. Kesho asubuhi nikipita na begi, Mama Feza atapiga kelele vile anapigaga, na watu wote wa kando ya ziwa watasikia. Nakuahidi sitageuka kukutafuta. Nitasema, "Niko." Kwa nguvu.

Mujukuu wako Odeti,
Chola